Nilimfundisha Mimi Mwenyewe, Leo Ananikosoa

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa makamo, nina mke na watoto, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiongoza kikundi cha kujifunza Biblia katika kanisa letu. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni, na kila ninapojaribu kulipuuza mchana, usiku linarudi.

Siku moja, baada ya kipindi chetu kumalizika, binti mmoja wa kikundi aliomba tuzungumze kando. Binti huyu nilimfundisha mimi mwenyewe alipokuwa akijiandaa kwa ubatizo, na nimemwona akikua katika imani. Alisubiri mpaka watu wote walipoondoka. Akafunga Biblia yake, akawa anapitisha kidole gumba kwenye pembe ya jalada, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, naomba usinielewe vibaya. Watu wanapoanza kueleza mambo yanayowaumiza, huwa huwapi nafasi ya kumaliza. Leo yule mama alikuwa anaeleza habari za mwanawe aliyefariki, ukamkatiza, ukamfundisha habari za Ayubu. Alinyamaza palepale. Nadhani hatazungumza tena." Akaongeza kwamba haikuwa mara ya kwanza.

Nilitabasamu. Nikamwambia, "Asante sana, binti yangu, nimepokea, Mungu akubariki." Tukaagana vizuri, nikazima taa, nikafunga mlango.

Ukweli ni kwamba sikupokea chochote. Nikiwa njiani nilianza kutunga majibu ambayo ningempa kama ningekuwa na ujasiri. Ningemwambia kwamba hajui nimekesha na wafiwa wangapi. Ningemkumbusha ni nani aliyemfundisha kufungua hayo Maandiko. Ningemuuliza yeye ameongoza nini mpaka anifundishe kuongoza. Majibu hayo yameendelea kujitunga hata ninapopiga magoti kuomba, na mara nyingi nimeinuka bila kujua nilikuwa nasema na Mungu au nabishana na yule binti.

Kibaya zaidi, nimeanza kuhesabu kasoro zake. Naona anavyochelewa, naona anavyosoma kwa sauti ambayo kwangu ni ya kujionyesha. Juzi zamu yake ya kusoma ilipofika nilimpa mtu mwingine, nikajifanya nimesahau. Sikusahau.

Nilimweleza mke wangu nikitarajia angesimama upande wangu. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kuzikunja. Alisema tu, "Huyo binti amekuambia jambo ambalo mimi nilichoka kukuambia."

Nimefundisha kuhusu unyenyekevu mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kulitoa somo hilo bila kutazama karatasi. Kwa nini basi maneno machache ya binti mdogo yameniumiza hivi? Je, ni sawa kiroho mtu kukosolewa na yule aliyemlea katika imani? Tena, mwenzetu mmoja amenidokeza kwamba huenda anautamani uongozi. Kama ni hivyo, nitajuaje kwamba onyo lake linatoka kwa Mungu na si kwa tamaa yake? Na ikiwa sehemu ya aliyosema si kweli, nalazimika kuyapokea yote? Nimefikia mahali pa kuona kwamba labda ni heri niachie kikundi, wakae na huyo wanayemwona anafaa.

Ni mimi,
Mwalimu Aliyekosolewa

*

Ndugu yangu Mwalimu,

Nianze na ile asante yako, maana naona mambo yaliharibikia hapo. Yule binti alikuletea jambo mahususi: siku fulani, mama fulani, mwanawe aliyefariki, na namna alivyonyamaza. Wewe ulimjibu kwa maneno mazuri, ya upole na ya Kikristo, lakini hukumuuliza swali hata moja. Hukuuliza yule mama alikuwa amefika wapi katika maelezo yake ulipoingilia, wala hukuuliza ni akina nani wengine waliowahi kunyamazishwa hivyo. Mtu aliyepokea kitu hukitazama. Sisi watu wa dini tumekuwa mafundi wa kuzima maonyo kwa baraka. "Nimepokea", "tuombeane", "Mungu akubariki" ni maneno mema, lakini mara nyingine tunayatumia kumsindikiza mtu mpaka mlangoni kwa heshima, ili asirudi tena na habari hiyo. Ndiyo maana hasira ilipata nafasi ya kutosha njiani: mazungumzo yaliyopaswa kufanyika na yule binti yalifanyika kichwani mwako, na humo kichwani yeye hana nafasi ya kujibu.

Umeuliza kwa nini inauma. Nisingependa nikuambie kwamba maumivu ni ushahidi kuwa onyo ni la kweli, kwa kuwa hata kusingiziwa kunauma, na pengine kunauma zaidi. Lakini nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali unaposema, "Sikumkatiza yule mama." Sikupaona. Majibu yote uliyoyatunga yanahusu miaka yako ya utumishi, mikesha yako na wafiwa, na umri na nafasi ya yule aliyesema. Hakuna hata moja linalogusa jambo lenyewe alilolisema. Nadhani hapo unaweza kuona kilichoguswa. Kama angekuambia kwamba huna sauti nzuri ya kuimba, ungecheka mkaachana. Yeye alikigusa kile ambacho umekitegemea kwa miaka mingi kujua kwamba wewe ni mtu wa Mungu, yaani kwamba unawafundisha watu na kuwafariji. Moyo ukiguswa mahali unapojihesabia haki, huita watetezi haraka, na watetezi wenyewe huwa ni sifa zetu za zamani.

Niruhusu nikae kidogo kwenye hilo somo la Ayubu, kwa sababu sidhani kwamba lilitokea kwa bahati tu. Rafiki zake watatu walipomwona katika hali ile, amefiwa na wanawe na kupigwa na ugonjwa, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyesema naye neno, kwa kuwa waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makuu. Katika kitabu kizima, hilo ndilo jambo jema zaidi walilomfanyia. Waliharibu walipofungua vinywa kufundisha. Mengi waliyoyasema yangeweza kuhubiriwa madhabahuni Jumapili bila mtu kuinua kichwa: Mungu ni mwenye haki, mwanadamu ni mavumbi, atubuye hurejeshwa. Hata hivyo, mwishoni Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena Ayubu. Na huyo Ayubu ndiye aliyekuwa amelalamika, amebisha, na kuilaani siku aliyozaliwa. Basi, ndugu yangu, siku ile ulikifungua kitabu hicho mbele ya mama aliyefiwa, na mtu aliyekuja kukueleza maana yake alikuwa yule binti, baada ya kipindi kumalizika.

Sasa kuhusu kupokea. Wafalme wawili wa kwanza wa Israeli walikosolewa kila mmoja na nabii wake, na wote wawili walikiri kwamba wametenda dhambi. Tukitazama neno la kukiri peke yake, hatuwezi kuwatofautisha. Sauli alipokutana na Samweli baada ya vita dhidi ya Waamaleki, alitangulia kusema kwamba ameitimiza amri ya kuangamiza kila kitu, hata mifugo. Samweli akamuuliza, basi huu mlio wa kondoo masikioni mwangu ni nini? Sauli akasema watu ndio waliowaacha hai, tena kwa nia njema, ili watolewe sadaka. Alipobanwa zaidi, akakiri, lakini akaambatanisha sababu: aliwaogopa watu. Akakiri tena mara ya pili, na safari hii akaomba jambo moja, ambalo mimi naliona ni la kusikitisha kuliko kosa lenyewe: Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake na mbele ya Israeli. Kosa limejulikana, ufalme unaondoka mikononi mwake, na yeye bado anashughulikia atakavyoonekana.

Daudi, baada ya habari za Bathsheba na kuuawa kwa mumewe Uria, aliendewa na Nathani kwa kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira juu ya tajiri yule, ndipo Nathani akamwambia kwamba yeye ndiye mtu huyo. Jibu la Daudi lilikuwa fupi: amemfanyia Bwana dhambi. Hakutaja upweke wa ufalme, hakumtaja mwanamke, hakukumbusha habari za Goliathi. Ila linalonigusa zaidi ni lile lililofuata miaka mingi baadaye. Daudi alipokuwa mzee kitandani, na mwanawe Adonia akijitwalia ufalme, Nathani anaingia chumbani kwa mfalme na kuzungumza naye, na mfalme anamsikiliza. Tena katika orodha ya wana ambao Bathsheba alimzalia Daudi, kabla ya jina la Sulemani limo jina la Nathani. Maandiko hayasemi kwamba mtoto huyo alipewa jina kwa heshima ya nabii, na mimi siwezi kuongeza neno. Lakini katika nyumba ile, jina la aliyemkosoa mfalme halikuwa jina la kukwepwa. Wewe juzi umeruka jina la binti wa watu kwenye zamu ya kusoma. Ukitaka kupima kama umelipokea onyo, usitazame ulivyojibu siku ile. Tazama nafasi aliyonayo leo mtu aliyekuonya.

Umeuliza kama ni sawa kukosolewa na uliyemlea. Tumezoea kuambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli. Lakini Maandiko yana watu kadhaa waliokaribia kuvunjika kwa kutosikia la mdogo. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa amekwisha kugeuza magari yake kwa hasira kwa sababu nabii Elisha alimwagiza tu akaoge mto Yordani ili apone ukoma wake. Waliomrudisha ni watumishi wake, kwa swali la upole: kama nabii angemwambia afanye jambo kubwa, asingelifanya? Na hata habari za huyo nabii alikuwa amezipata kwa kijakazi mdogo aliyetekwa vitani. Halafu yupo Apolo, mtu wa Aleksandria, msomi na hodari katika Maandiko, ambaye alikuwa akifundisha kwa bidii huku akiujua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na mumewe Akila, ambao kazi yao ilikuwa kushona mahema, walimsikia katika sinagogi, wakamchukua kando na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kitabu cha Matendo hakituambii kwamba msomi huyo aliuliza mafundi wa mahema, mmoja wao mwanamke, wamesoma wapi. Kinatuambia kwamba alipokwenda Akaya aliwafaa sana waamini wa huko. Na katika karne ya 6, Benedikto wa Nursia alipowaandikia watawa kanuni yao, aliagiza kwamba kukiwa na jambo zito abati, yaani mkuu wa nyumba ya watawa, awaite ndugu wote kutoa shauri, hata wadogo, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo bora zaidi. Aliyeandika hayo alikuwa msimamizi wa nyumba ya watawa, wala hakuona kwamba cheo chake kingepungua.

Tena, fikiria ni nani mwingine angeweza kukuambia. Rika zako hawakai upande ule wa chumba ambako watu hunyamaza. Mkeo alikwambia, na kwa maelezo yake mwenyewe alichoka. Waliokatizwa hawasemi, kwa sababu ndiyo maana halisi ya kukatizwa. Alibaki mtu mmoja aliyekupenda vya kutosha na kukuogopa kiasi cha kusubiri watu waondoke. Bwana Yesu aliagiza kwamba ndugu akikosa, umwendee mkaelezane wawili peke yenu kabla ya kumhusisha mwingine. Binti huyo alifuata hatua hiyo kama ilivyoandikwa, na si ajabu kwamba alijifunza kwako. Laiti ungeliona hilo kabla ya kuona kuchelewa kwake.

Kuhusu nia yake, nitakuwa mkali kidogo. Yule mwenzako aliyekudokeza kwamba binti anautamani uongozi amekufanyia ubaya, hata kama alidhani anakufariji. Amekupa sababu ya kuliacha jambo na kumshughulikia mtu. Tuseme ni kweli kwamba ana tamaa. Je, yule mama atakuwa hakukatizwa? Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alipoeleza njia za mtu kuzijua aibu za nafsi yake, alitaja nne: kukaa chini ya mwalimu mwenye kuona mbali, kuwa na rafiki mkweli, kuchanganyika na watu na kujiangalia katika kasoro zao, na kusikiliza ndimi za maadui. Hiyo ya maadui aliitilia maanani sana, kwa kuwa adui mwenye kukushambulia anaweza kukufaa kuliko rafiki anayekusifia na kukuficha aibu zako. Sasa ikiwa hata ulimi wa adui una faida kwa mtu anayeitafuta nafsi yake mbele ya Mungu, wewe uliyeletewa neno na mtu aliyetanguliza "naomba usinielewe vibaya" una udhuru gani?

Hata hivyo, sisemi kwamba kila mkosoaji ni mjumbe wa Mungu. Wapo watu wanaotumia maonyo kama kamba ya kuwafungia wenzao, na wapo viongozi wa dini ambao kila anayewauliza swali huambiwa kwamba ana roho ya uasi. Onyo la namna hiyo hulitambua kwa dalili zake: halitaji tendo bali linamhukumu mtu mzima, linasemwa kwanza kwa wengine kabla ya kufika kwako, halikuachii nafasi ya kuuliza, na mwisho wake ni wewe kuwa mdogo zaidi chini ya mkono wa anayeonya. Mtu aliye katika hali hiyo ashauriane na watu wengine wenye hekima, wala asijilazimishe kunyenyekea kwa anayemkandamiza. Lakini barua yako haina hata moja kati ya hayo.

Na ikiwa sehemu ya alichosema si kweli? Basi usiikubali. Kulipokea onyo ni kulipa nafasi likuchunguze. Baada ya uchunguzi unaweza kukuta theluthi moja ni kweli na zilizobaki zinatokana na yeye kutojua mazingira. Shughulika na hiyo theluthi kwanza. Kosa letu kubwa ni kutumia kipande kisicho sahihi kulitupa lote, kama vile mleta habari anapaswa kuwa mkamilifu ndipo tumsikilize.

Nilitaja mtu anayeitafuta nafsi yake mbele ya Mungu, na sitaki jambo hili libaki katika adabu za uongozi tu, kwa maana umeuliza kwa uchungu wa mtu ambaye sala zake zimekauka. Mambo mengi ya kiroho tunayoyafanya tunajichagulia wenyewe. Tunachagua siku ya kufunga, saa ya kuamka kusali, kitabu cha kusoma, dhambi ya kuungama. Ni mambo mema, lakini yote yanapita katika mikono yetu, na mikono yetu ina ustadi wa kuzunguka mahali pasipotaka kuguswa. Mtu anaweza kufunga miaka mingi huku kiburi chake kikiwa kizima, hata kikinenepa kwa sababu ya kufunga huko. Mwenye Zaburi ya 19 aliuliza ni nani awezaye kuyatambua makosa yake, kisha akaomba atakaswe na mambo ya siri, yaani yale yaliyofichika hata kwake mwenyewe. Ombi hilo linajibiwaje? Mara nyingi linajibiwa kwa kinywa cha mtu mwingine, saa ambayo hatukuipanga, na kwa sauti ambayo tusingeichagua. Huenda hata wewe umeliomba. Kama ndivyo, yale uliyoyaona kuwa ni usumbufu wa sala zako yalikuwa jibu la mojawapo.

Kwa hiyo nakushauri, ukipiga magoti, usimfukuze yule binti akilini ili upate kusali "vizuri". Sali na maneno yake yenyewe. Yaseme mbele ya Mungu kama alivyoyasema, bila kuyapunguza na bila kuyajibu: kwamba watu wanapoeleza yanayowaumiza, huwapi nafasi ya kumaliza. Kisha nyamaza. Utashangaa jinsi majibu yatakavyokuja mbio kujipanga. Yatazame yakija, yaache yapite, rudi kwenye sentensi ile. Baada ya muda linaweza kujitokeza swali lenye manufaa kuliko yote: kwa nini siwezi kustahimili kumwacha mtu alie mbele yangu bila kumpa jibu? Sijui jibu lako litakuwa nini. Kwa wengine ni hofu kwamba wasipojibu wataonekana hawana kitu. Kwa wengine ni kilio chao wenyewe ambacho hawajawahi kukimaliza, na kila kilio cha jirani kinatishia kukifungua. Hapo ndipo kazi ya Mungu ndani yako itakapoendelea, na ni ndani zaidi kuliko adabu ya kutokatiza maneno.

Ila jihadhari na upande wa pili. Ukishalikubali kosa, usilifanye kubwa kuliko lilivyo. Nimepokea barua za watu ambao wakiguswa kidogo wanatangaza kwamba wao si kitu, hawafai, wameharibu kila walichokigusa, mpaka aliyewaonya anageuka kuwa mfariji wao na onyo lenyewe linasahaulika. Huo nao ni ujanja wa nafsi kukaa katikati ya chumba. Ulimkatiza mama aliyefiwa. Huna haja ya kuwa mwenye dhambi mkuu kuliko wote duniani ili utubu hilo.

Sasa mambo ya kufanya. Mwendee binti huyo, mkae mahali palepale mlipozungumza, umwambie: "Siku ile nilikushukuru, lakini sikukusikiliza. Naomba unieleze tena." Kisha umwache amalize. Huo utakuwa mtihani wako wa kwanza, na nakuonya kwamba katikati ya maelezo yake utatamani sana kueleza ulichokusudia. Ukimaliza kusikiliza, mwambie pia kuhusu ile zamu ya kusoma, kwa kifupi na bila kujitetea, kwa sababu inawezekana aliliona. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana huko Antiokia, mbele ya watu wote, kwa jambo la kujitenga na waamini wa Mataifa wakati wa kula. Waraka kwa Wagalatia hautuambii Petro alijibu nini. Lakini katika waraka wa pili unaobeba jina la Petro, Paulo anaitwa ndugu mpenzi aliyeandika kwa hekima aliyopewa. Hiyo ndiyo namna ninayoitamani kwenu: si lazima aliyekuonya ajue kila kilichopita moyoni mwako, ila ajue kwamba bado ni mpenzi.

Yule mama naye mtafute, lakini usimwendee na somo, wala usimwendee kutafuta msamaha utakaokupumzisha wewe. Mwambie kwamba siku ile alikuwa anaeleza habari za mwanawe na wewe ukamkatiza, na kwamba akipenda kuendelea, sasa au siku nyingine, unataka kumsikia. Akisema hapendi, heshimu hilo. Akizungumza, muulize jina la mtoto kama hulijui. Usifungue Biblia mpaka yeye akuombe.

Kwa mkeo una deni la zamani zaidi. Alisema alichoka, na mtu huchoka baada ya kurudia. Muulize ni mambo gani mengine aliyoacha kukuambia, ila usimuulize leo ikiwa bado una hasira, kwa maana ukimuuliza na kisha ukamjibu kila neno, atachoka kabisa. Katika kikundi, jiwekee utaratibu mdogo: mtu akieleza uchungu wake na kunyamaza, hesabu pumzi kadhaa kabla ya kusema lolote, na neno lako la kwanza liwe swali kwake au shukrani kwake. Mwombe binti huyo, ikiwa yuko radhi, akutazame na akuambie kila baada ya muda unaendeleaje. Jambo hilo likukere kidogo, ni afadhali.

Kuhusu kuachia kikundi, sikushauri. Jinsi ulivyoliandika, "wakae na huyo wanayemwona anafaa", linanionyesha kwamba kuondoka sasa kungekuwa adhabu kwao na si unyenyekevu kwako, na yule binti angebaki na mzigo wa kuonekana ndiye aliyekufukuza. Endelea kuongoza, ukosee mbele yao, urekebishwe mbele yao. Kwa wanakikundi wengine huhitaji kutoa tangazo refu. Itatosha kuwaambia kwamba umegundua huwa unawakatiza watu, na kwamba wakikuona unafanya hivyo wakukumbushe. Kama baada ya muda wa kutosha wale wanaokujua vizuri watakuambia kwamba ni vyema upumzike, wasikilize kwa maswali kama utakavyomsikiliza binti huyo. Lakini uamuzi huo usiufanye wiki hii, wala usiufanye peke yako.

Mshauri wako